Kwa Ndanu, Kuhusu Kitabu cha Bwana Mutinda

Ndanu mwanangu,

Umekwenda Katelembo kumuaga susu wako, mama wa baba yako, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Basi mchana huu ni wangu. Sanduku lako liko hapa karibu na miguu yangu, limejaa, nami nitaiingiza barua hii chini ya sweta zako uikute ukishafika chuoni. Mambo ya blanketi, sabuni na dawa ya malaria umeambiwa na kila mtu aliyepita hapa nyumbani tangu Jumapili. Sina la kuongeza huko.

Nataka kukujibu ulichoniuliza Jumanne. Ulikuwa ukinisomea orodha ya vitabu iliyokuja na barua ya kukuita chuoni, ukafika kile cha sita, kitabu cha kufundishia hadithi fupi na tamthilia, ukalitaja jina la mwandishi. Nikakunyang'anya karatasi. Ukasema, "Mwaitu, mama yangu, kwani ni nini?" Nikakuambia tutakitafuta baadaye. Nilikudanganya. Kitabu hicho kimo humu ndani, kimefungwa kwenye mfuko wa unga juu ya kabati langu, na nimekisoma mara nyingi kuliko Biblia. Jina lililo kwenye jalada ni la Bwana Mutinda. Yaliyomo niliyaandika mimi.

Sijawahi kukusimulia habari hii, na nilikuwa na sababu mbaya za kutokukusimulia. Nitakusimulia yote sasa, pamoja na yale yanayoniaibisha mimi.

Wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni nilipoajiriwa katika ile shule ya kutwa ya upande wa chini wa mji wa Machakos. Nilipewa kidato cha kwanza na cha pili. Walikuwa watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, waliofika darasani na vumbi hadi magotini. Walikuwa wamefundishwa kwamba kuchambua hadithi ni kutaja sifa. Ukiuliza, "Huyu mhusika ni mtu wa namna gani?" walijibu kama wanaoita majina ya rejista: ni mkarimu, ni mwenye bidii, ni mwenye tamaa. Ukiwauliza wameona wapi, walitazama dari.

Nikaanza kuwaambia, "Weka kidole." Hakuna jibu bila kidole. Ukisema mtu ni mkarimu, weka kidole kwenye mstari uliokuonyesha ukarimu wake, na mwenzako aje autazame mstari huo na aseme kama naye anauona. Mwezi wa kwanza ulikuwa vurugu. Mwezi wa pili nilikuwa naingia darasani nakuta wanagombana juu ya hadithi kabla sijafungua mlango.

Palikuwa na msichana mmoja wa upande wa Konza ambaye baba yake alichunga ng'ombe wa watu. Alikuwa hasemi. Siku moja tulisoma hadithi ya mzee aliyekataa kugawa chakula cha ghalani kwake, na darasa zima likasema mzee ni mchoyo. Msichana akainua mkono nusu.

"Mwalimu, huyu si mchoyo. Huyu anaogopa. Aliona njaa."

"Umeona wapi?"

Akaweka kidole mahali mzee anapohesabu mahindi yake kabla ya kulala. "Mchoyo anahesabu mara moja anajua yuko nayo. Huyu amemaliza, amerudia tena."

Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda kidogo. Ndanu, utafundisha miaka mingi na utapata siku kama hiyo mara chache. Usikimbilie kuimaliza.

Kwa tamthilia niliwatoa kwenye madawati. Mmoja alisoma maneno ya mhusika, mwingine alifanya vitendo bila kusema, na darasa lilitafuta mahali ambapo mdomo na mikono havipatani. Hapo ndipo walipojifunza kwamba mtu anaweza kusema "karibu" huku ameshika mlango. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, kwa mkono wangu, kwa miaka miwili: masomo, makosa ya watoto, majibu yao mazuri, na maswali matano ya kumuuliza kila mhusika. Anataka nini? Nani anamzuia? Anasema nini, na anafanya nini? La nne nililifuta kwa sababu halikuniridhisha, nikaacha pengo nikisema nitalifikiria. La tano lilikuwa: anaficha nini?

Bwana Mutinda alikuwa mkuu wa idara yetu. Alikuwa mtu mpole, wa kuvaa tai hata siku ya jua kali, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani, kuipulizia pumzi na kuifuta kwa ncha ya tai kabla ya kukujibu. Kila alipomaliza maelezo alisema, "Tuelewane hapo." Alikaa nyuma ya darasa langu vipindi viwili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia kazi kama ile haifai kufia kwenye daftari. "Nipe nikupigie taipu, Mwalimu Mumbua. Tuidurufu, idara nzima ifaidike." Nikampa. Hata sikunakili ukurasa mmoja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na si kosa la wema. Nilifurahishwa na sifa. Mtu akikusifu huku ananyosha mkono, mtazame mkono.

Daftari halikurudi. Mara liko nyumbani kwake, mara mashine imeharibika, mara mpiga chapa amesafiri. Baada ya muda akapandishwa cheo, akawa mkaguzi wa Kiswahili, akahama shule. Nikadhani limepotea, nikaanza kuandika upya. Kisha muhula mmoja mwalimu mwenzangu akaja na kitabu kipya, akaniambia, "Hebu ona, huyu mzee wetu amefundisha kama wewe."

Nilikisomea chooni, kwa sababu sikutaka mtu anione uso. Maneno yalikuwa yangu. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na maswali ya kumuuliza mhusika: la kwanza, la pili, la tatu, la tano. Alikuwa amenakili hata pengo. Mbele kidogo palikuwa na jibu la msichana wa Konza, limewekwa ndani ya kisanduku, limeandikwa "mfano wa jibu bora", bila jina lake. Na kwenye ukurasa wa shukrani alimshukuru Mungu, mkewe, na mpiga chapa.

Nilimfuata ofisini kwake. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu nilipoamka.

"Bwana Mutinda, hiki kitabu ni daftari langu."

Akavua miwani, akaipulizia. "Mwalimu Mumbua, mawazo ya kufundisha hayana mwenyewe. Wewe ulifundisha, mimi niliona, nikaandika. Tuelewane hapo."

"Na swali la nne liko wapi?"

"Swali gani?"

Nikamfungulia ukurasa. Akautazama kwa muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kusoma mistari minne. Kisha akakifunga kitabu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayekupa mtoto.

"Ni makosa ya wachapaji," alisema.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wangu. Akaniambia mambo ya vitabu yana wenyewe, sisi tufundishe watoto. Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja mjini, akaniuliza kama niko na nakala. Sikuwa nayo. Ndipo nilipoanza kumchukia kwa utaratibu, Ndanu. Nasema kwa utaratibu kwa sababu watu hudhani chuki ni moto unaokupanda kichwani. Yangu ilikuwa kama kazi ya kusahihisha madaftari. Niliikalia kila siku, nikaweka alama, nikaendelea nilipoachia. Niliamka na jina lake mdomoni kabla ya maombi. Kanisani walipoomba tusamehewe kama tunavyosamehe, nilifunga mdomo kwenye sehemu hiyo, na ni hivyo hadi leo.

Nikaandika mchezo. Ulikuwa mchezo wa dakika arobaini juu ya mwanamke anayeitwa Kamene, anayetunga wimbo wa kwaya, na mwalimu wa kwaya anayekwenda Nairobi kuurekodi kwenye kanda kwa jina lake mwenyewe. Wimbo unapigwa kwenye kila duka, na Kamene akiwaambia watu ni wake wanamwona amechanganyikiwa. Nilimpa mwalimu wa kwaya miwani na tai. Nilimpa pumzi ya kupulizia miwani. Nilimpa "Tuelewane hapo." Ulikuwa mchezo mzuri. Nasema hivyo kama mwalimu, si kama mwenye hasira. Niliuandika vizuri kuliko kitu chochote nilichopata kuandika, na niliuandika ili umuue mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele.

Siku ya wazazi ilikuwa inakuja, na mgeni wa heshima alikuwa mkaguzi wa Kiswahili.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Bwana Mutinda alikuwa na binti anayeitwa Mwende. Alikuwa katika kidato cha pili, darasani kwangu, dawati la tatu upande wa dirisha. Alikuwa mwanafunzi bora kabisa niliyepata kumfundisha. Wengine walitafuta mstari, yeye kidole chake kilikuwa kimeshafika.

Nilidurufu mchezo nikaugawa darasani tuuchambue kabla ya kuuigiza, kama nilivyofanya na mchezo wowote. Ningeweza kuupeleka kwa kidato cha kwanza. Ningeweza kungoja kipindi ambacho Mwende hayupo. Niliyafikiria yote mawili nikayaacha. Nilitaka yule mtu aumie mahali ambapo hawezi kupapulizia na kupafuta kwa tai.

Tulifika swali la mwisho. Nikasema, "Mwalimu wa kwaya anaficha nini?" Wengine wakasema anaficha wizi. Nikasema huo hajauficha, kila mtu anauona. Kisha nikasema, "Mwende."

Akasimama. Kidole chake kilikuwa kwenye karatasi.

"Anaficha kwamba yeye hawezi kutunga," alisema. "Amefundisha kwaya miaka mingi, na hajawahi kutunga hata wimbo mmoja. Ndiyo maana hapa anamuuliza Kamene mara mbili, ulianzia wapi, ulianzia wapi. Anataka kujua inafanywaje."

Sikuwa nimejua kwamba niliandika hivyo. Nilisoma mstari ule upya nikauona.

"Vizuri sana. Kaa."

Hakukaa. "Mwalimu, huu mchezo umeuandika wewe?"

"Ndiyo."

"Tunaweza kumuuliza mwandishi yale maswali?"

Darasa likacheka kidogo. Mwende hakucheka. "Mwandishi anataka nini?" aliuliza. "Na anaficha nini?"

Ndanu, niliwahi kuota kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, ambaye angechukua kisu nilichomnolea na kukijaribu kwenye ngozi yangu mwenyewe. Siku alipotokea nilimwambia, "Nimesema ukae." Akakaa. Kisha nikatangaza nani ataigiza nani, na nikampa Mwende nafasi ya Kamene.

Siku ya wazazi kiwanja kilijaa. Bwana Mutinda alikaa katikati ya meza kuu, ua la karatasi kifuani. Mvulana aliyeigiza mwalimu wa kwaya alipopulizia miwani mara ya kwanza, walimu walitazamana. Mara ya pili wazazi wakaanza kucheka, kwa maana wengi walimfahamu tangu alipokuwa akifundisha hapo. Yeye mwenyewe alicheka mara ya pili. Mara ya tatu hakucheka. Mvulana akasema, "Tuelewane hapo," na kiwanja kizima kikalipuka. Nikamtazama mgeni wa heshima akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Mwisho wa mchezo Kamene humgeukia mwalimu wa kwaya na kumwambia maneno machache. Ndivyo nilivyoandika, na ndivyo tulivyofanya mazoezi. Mwende hakumgeukia mvulana. Alitembea hadi ukingo wa jukwaa, akamtazama baba yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wimbo chukua. Jina langu nirudishie."

Makofi yalianzia nyuma. Kisha wote wakapiga.

Sitakudanganya ili uniheshimu. Ilikuwa siku tamu kuliko siku zote za maisha yangu, na ninaiweka pamoja na siku niliyokuzaa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mablanketi. Mwende alipopita nilitaka kumshika bega. Akalisogeza.

"Nimefanya kazi yako, Mwalimu," alisema. "Tumemalizana?"

Muhula uliofuata dawati la tatu lilikuwa tupu. Alihamishiwa shule ya bweni mbali. Mimi nilipata barua yangu wiki ya pili: nimehamishiwa shule moja ng'ambo ya Matuu, ndani kabisa ya Yatta, niripoti mara moja. Wewe ulikuwa na miaka mitano.

Unaikumbuka miaka mitatu ile kama miaka ya Katelembo, ya mbuzi wa susu na uji wa wimbi. Siku zote nimekuambia serikali ilinipeleka Yatta kwa sababu kulikuwa na upungufu wa walimu. Upungufu ulikuwapo. Lakini kabla sijaondoka, Bwana Mutinda alimtuma mwalimu mkuu kwangu na ujumbe. Niandike barua ya kuomba radhi, ukurasa mmoja, niseme mchezo haukumhusu mtu yeyote, na uhamisho ungefutwa.

Baba yako alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani Athi River. Alikuja nyumbani hiyo Ijumaa, akala, kisha akasogeza sahani.

"Iandike, Mumbua. Ni karatasi tu."

"Si karatasi tu."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakaa kwa mama yako. Ni muda mfupi."

"Unamwacha mtoto kwa sababu ya Mutinda?"

Nikamwambia kwamba ni Mutinda anayeniachisha mtoto, si mimi. Niliyaamini maneno hayo kwa miaka. Leo nayawekea kidole na naona hayapatani na mikono yangu. Kalamu ilikuwa mezani. Nilichagua kutoomba radhi kwa mtu yule kuliko kulala nyumba moja nawe. Mtu mwingine akinieleza hivyo nitamwambia nilikuwa na haki. Wewe sikuambii hivyo.

Nilikuwa nakuja mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza ulinikimbilia. Mara ya nne au ya tano nilikukuta uani unapiga mbuzi kwa kijiti, umerefuka, umevaa rinda nisilolijua. Ukanitazama ukasema kwa adabu, "Habari, Mwalimu." Susu wako alikuwa akikuambia kila mara, mwalimu anakuja kesho, mwalimu amefika Matuu, nawe ukachukulia kwamba hilo ndilo jina langu. Susu alicheka hadi akajifuta macho, nami nikacheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya ghala.

Hata hapo sikumwandikia Bwana Mutinda. Kila nilipowaza kuandika, nilimwona akifungua bahasha yangu, akivua miwani.

Tena nilifanya jambo jingine, ambalo wewe unalikumbuka kama mapenzi. Niliporudishwa huku na ukarudi kwangu, nilianza kukusomesha hadithi jioni baada ya chakula. Ulikuwa na miaka tisa na tayari unaweka kidole. Ulidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Ulikuwa mchezo, na nilifurahi, lakini ndani nilikuwa nikikunoa. Nilijiambia, huyu atakuwa mwalimu wa Kiswahili, atasoma kuliko mimi, na siku moja atasimama mahali pakubwa na kumvua yule mtu miwani mbele ya watu. Ulipopata barua ya kwenda chuo cha ualimu, mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa yeye. Kisha nikakufikiria wewe. Nisamehe kwa mpangilio huo.

Labda ningekuacha uende ukiwa na mzigo huo bila kujua, kama nisingekutana na Mwende. Ni miaka mitatu iliyopita, posta ya hapa mjini, kwenye foleni ya stempu. Alikuwa mwanamke mzima, amebeba mtoto. Alinitambua kwanza.

"Mwalimu. Hujambo."

Nikamwomba tukae. Tukakaa kwenye ngazi za nje. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa ajili yake pia, miaka mingi, na nilianza kuyasema: kwamba alikuwa mtoto, kwamba havikuwa vita vyake, kwamba sikupaswa. Akaniacha nimalize.

"Mwalimu, mimi nilijua kabla yako," alisema. "Mimi ndiye niliyemsomea baba lile daftari lako akipiga taipu. Nilikuwa darasa la saba. Mwandiko wako ulikuwa unamsumbua macho. Tulipofika kwa yale maswali nikamwambia, baba, nne haiko. Akasema endelea."

Akaendelea kabla sijamuuliza.

"Nilipokuja kidato cha kwanza nikakusikia ukifundisha, nikajua ni ya nani. Nilikaa nayo mwaka mzima. Nilikuwa nangoja uniulize. Ungeniita siku moja tu ofisini uniulize, Mwende, unajua nini, ningekuambia yote. Ningesimama na wewe mbele ya mtu yeyote." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Hukuniuliza. Ulinipa karatasi nisome."

"Nilitaka yeye aumie," nikamwambia.

"Aliumia. Hajaongea na mimi vizuri hadi leo." Alisema hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayekueleza njia. Kisha akaniuliza kama bado nafundisha, nikasema ndiyo, akasema vizuri, akarudi kwenye foleni.

Ndanu, nilikaa miaka hiyo yote nikidhani nilikuwa peke yangu dhidi yake, na shahidi wangu alikuwa dawati la tatu upande wa dirisha. Nilikuwa na maswali ya kumuuliza kila mhusika wa kila hadithi, na mtoto aliyekuwa mbele yangu sikumuuliza hata moja, kwa sababu nilikuwa nimeshamtafutia kazi. Ukiingia darasani utapata watoto wa watu unaowapenda na watoto wa watu usiowapenda. Sikuambii uwapende sawasawa, maana sijui kama inawezekana. Nakuambia tu kwamba mimi nilishindwa, na jinsi nilivyoshindwa.

Sasa kuhusu huko unakokwenda. Utafundishwa kwa kitabu kile. Mkufunzi atasimama na kukisifu, na kina haki ya kusifiwa. Kisome. Kitumie. Usiinue mkono kusema ni cha mama yako, na usiende kumtafuta mtu yeyote kwa ajili yangu. Usidhani nimemsamehe. Sijamsamehe na sina mpango. Nakuambia hivyo kwa sababu kisasi hiki ni changu. Nilishawahi kukiweka mdomoni mwa binti wa watu, na nilikuwa karibu kukiweka mdomoni mwa binti yangu. Sikukopeshi tena. Ukiwa na cha kwako, na utakuwa nacho, kwa sababu wewe ni damu yangu na husahau polepole kama mimi, ukiseme kwa kinywa chako mwenyewe au unyamaze.

Jambo la mwisho, kisha nifunge sanduku. Walimu wote wa Kiswahili wa huku tumeitwa kwenye semina Jumamosi hii hapa mjini. Mzungumzaji ni Bwana Mutinda. Amestaafu, anazunguka akifundisha namna ya kufundisha. Nilipopata mwaliko mwezi uliopita niliuficha, kwa sababu ulikuwa bado hapa, na mtu yule aliwahi kunipokonya wewe kwa barua ya mistari mitatu. Kesho asubuhi utaondoka kwa miguu yako, mtu mzima, na hana tena kitu cha kunipokonya. Jina langu nimelipeleka. Nimejiandikisha kiti cha mbele.

Safari hii sijaandika mchezo wowote, na sijamwambia mtu yeyote aseme lolote badala yangu. Atakapomaliza na kuuliza kama kuna maswali, nitasimama, niseme jina langu lote, shule ninayofundisha na miaka niliyofundisha, kisha niseme nilichokwenda kusema, yeye akinitazama. Sijui nini kitafuata. Huenda wakanicheka. Huenda nikatolewa nje.

Habari kama hizo husafiri upesi miongoni mwa walimu, kwa hiyo huenda zikakufikia huko kabla sijakupigia simu. Watasema kuna mwanamke mmoja wa Machakos alisimama kwenye semina. Usikane kwamba unamjua, na usiinuke kumtetea. Wakikuuliza ni nani, waambie tu kwamba huyo ni mama yako, kisha uendelee na masomo yako.

Nasikia lango. Umerudi.

Mama yako,
Mumbua